Mwanga si Nguvu: Istilahi za Taa katika Mitumbwi ya Kuvulia Dagaa

Katika kazi ya kusanifu istilahi ni rahisi kudhani kwamba neno baya humchosha msomaji tu, au humchekesha. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba madhara yake yaweza kuwa makubwa zaidi. Tumechagua mfano mdogo: taa kali zitumikazo usiku katika mitumbwi na mashua ndogo za kuvulia dagaa. Maelezo ya taa hizo hutafsiriwa kutoka lugha za kigeni, na mvuvi anayeyasoma hana nafasi ya kumwuliza mfasiri alikusudia nini.

Tuliletewa karatasi moja ya maelezo iliyokwisha fasiriwa, ili tuikague. Ndani yake mlikuwa na sentensi hii: "Taa ina nguvu ya 800, haiingii maji, na ile nyekundu ifungwe upande wa demani." Kisarufi sentensi haina kasoro. Hata hivyo, imebeba makosa matatu, na kila moja laweza kumgharimu mvuvi fedha au uhai wake. Tutayachukua moja moja, lakini kwanza yafaa tuyaangalie maneno ambayo wavuvi wenyewe wanayo.

1. Maneno yaliyokwisha kuwapo

Kuvua dagaa kwa mwanga ni kazi ya tangu zamani katika Ziwa Tanganyika. Kabla ya taa za mafuta, wavuvi waliwasha moto wa kuni au wa matete mtumbwini, na samaki waliokusanyika walichotwa kwa lusenga, yaani wavu wa mfuko wenye mpini mrefu. Baadaye ikaja karabai. Katika miaka ya 2010 zikaanza kuenea taa za umeme wa betri na za nishati ya jua, ambazo watu wengi huziita "taa za sola" hata pale ambapo betri imechajiwa kwa umeme wa nyumbani. Kazi hii hufanyika siku za giza. Mbalamwezi inapokuwa pevu, mwanga wa taa hauwavuti samaki vya kutosha, na wavuvi wengi hupumzika.

Mfasiri anayeyajua maneno haya hana haja ya kuunda "taa ya mafuta ya shindikizo", maana karabai ipo na inaeleweka. Lakini asiichanganye na kandili wala chemli. Chemli, ambayo jina lake limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya dohani, huwaka kwa utambi ndani ya kioo. Karabai hupigwa pampu, mafuta yakapanda na kugeuka mvuke, kisha yakawaka katika mfuko mdogo wa nyuzi. Mwanga wa karabai ni mkali mara nyingi kuliko wa chemli, na hiyo ndiyo sababu ya karabai kwenda ziwani na chemli kubaki nyumbani.

2. Kosa la kwanza: "nguvu ya 800"

Matini ya asili ilisema kwamba taa hutoa lumeni 800. Mfasiri aliliacha jina la kipimo akaandika "nguvu". Msomaji aliyezoea globu za zamani atadhani ni wati 800, na atatafuta betri au jenereta ya kuendesha mzigo huo. Mwingine atafanya kinyume chake: ataona taa imeandikwa wati 10 tu na kuiacha dukani akidhani ni dhaifu.

Ni lazima tutenganishe mambo mawili. Wati hupima kasi ya taa kula umeme. Lumeni hupima jumla ya mwanga unaotoka katika taa kwenda pande zote. Zamani mambo haya mawili yalikwenda pamoja, kwa kuwa globu karibu zote zilikuwa za waya unaowaka. Globu ya waya ya wati 60 hutoa kiasi cha lumeni 700 hadi 800. Lakini taa ya diodi, ile iandikwayo LED kwenye boksi, hutoa kiasi hichohicho kwa wati 8 hadi 10.

Tazama maana yake kwa mvuvi. Akiwa na taa mbili za diodi za wati 10 kila moja, kwa kesha la saa 10 atatumia wati-saa 200. Kwa betri ya volti 12 hizo ni karibu ampea-saa 17. Kwa kuwa betri ya risasi na asidi huharibika upesi ikimalizwa zaidi ya nusu, anahitaji betri ya ampea-saa 34 hivi. Kwa mwanga huohuo wa globu za waya angehitaji wati 120, yaani wati-saa 1,200 kwa kesha, ambazo ni ampea-saa 100, na betri yake ingekuwa ya ampea-saa 200. Betri ya kwanza huchukuliwa na mtu mmoja. Ya pili ni mzigo wa kuzamisha omo la mtumbwi mdogo.

Watumishi wa serikali nao lawahusu. Kanuni inayoweka mpaka wa taa kwa wati peke yake, huku ikikusudia kupunguza mwanga, haipunguzi chochote mara wavuvi wanapohamia taa za diodi. Mwandishi wa kanuni hana budi kujiuliza kama anataka kudhibiti umeme au mwanga, kisha ataje kipimo kinachostahili.

3. Kandili, kandela na luksi

Lipo jambo la tatu: ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja. Kipimo chake ni kandela. Baadhi ya wafasiri hulikwepa neno hili kwa kuogopa lisichanganywe na kandili. Kwa hakika maneno hayo ni ndugu, kwani kandili imetufikia kupitia Kiarabu, na asili yao wote wawili ni neno la Kilatini lenye maana ya mshumaa. Tunapendekeza kandela ibaki kuwa kipimo na kandili ibaki kuwa taa.

Tofauti hii ina kazi. Kurunzi hukusanya mwanga mchache katika mwali mwembamba: kandela zake ni nyingi, lumeni zake ni chache. Yafaa kutafutia boya, lakini haifai kukusanyia dagaa. Kwa kazi hiyo hutakiwa lumeni nyingi zilizotawanyika juu ya maji.

Mwanga unaokifikia kitu hupimwa kwa luksi, yaani lumeni katika kila mita ya mraba. Taa ya lumeni 800 inayomulika sawasawa pande zote ina kandela 64 hivi. Umbali wa mita 1 itatoa luksi 64. Mita 2, luksi 16. Mita 4, luksi 4. Umbali ukiongezeka maradufu, mwanga hubaki robo. Kwa hiyo agizo la "tundika taa juu" halitoshi; mfasiri ataje juu kwa kiasi gani, kama matini ya asili ilivyotaja.

4. Kosa la pili: "haiingii maji"

Boksi la taa ile lilikuwa na herufi IP na tarakimu 65. Tarakimu ya kwanza yahusu vumbi, na 6 maana yake ni kwamba vumbi haliingii kabisa. Ya pili yahusu maji, na 5 maana yake ni kwamba taa hustahimili maji yanayorushwa kwa mpira kutoka upande wowote. Haisemi kwamba taa yaweza kuzama. Ni taa yenye 7 mahali hapo ndiyo iliyojaribiwa kwa kuzamishwa katika kina cha mita 1 kwa dakika 30.

Mvuvi anayeambiwa kwamba taa "haiingii maji" ana haki ya kuamini kwamba ikidondoka ziwani ataiopoa na kuiwasha. Tunapendekeza "hustahimili maji ya kurushwa" kwa 5, na "hustahimili kuzama kwa muda" kwa 7, na tarakimu zenyewe ziachwe zilivyo ili msomaji azilinganishe na boksi.

5. Kosa la tatu: "upande wa demani"

Kosa hili limetokana na nia njema. Mfasiri alitaka neno la kibaharia la upande wa kushoto wa chombo, akalikuta demani. Lakini demani ni upande unaoelekea upepo uendako, na joshini ni upande utokako upepo. Chombo kikigeuka, demani iliyokuwa kushoto yaweza kuwa kulia. Taa haigeuki hivyo. Kwa mujibu wa Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, taa nyekundu ni ya kushoto na ya kijani ni ya kulia, kwa mtu aliyeelekea omo. Nyeupe ya nyuma huwa tezi. Aliyezifunga kinyume huwaambia wenzake gizani kwamba anaelekea upande mmoja, ilhali anaelekea mwingine. Basi tuandike "kushoto, ukielekea omo".

Hapo pia tunahitaji majina mawili tofauti: taa za kuvulia na taa za ishara. Kanuni hizo hukataza taa nyingine yoyote iwezayo kudhaniwa kuwa ya ishara, kufifisha taa za ishara, au kuzuia ulinzi wa macho. Taa kali ya kuvulia isiyo na kofia yaweza kufanya yote matatu: huificha taa ndogo nyekundu, na humpofusha nahodha, ambaye macho yake huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza tena. Matini inayosema "taa" tu haimwonyi juu ya hatari hiyo.

6. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri na walimu:

Wati: kasi ya kutumia umeme.
Lumeni: jumla ya mwanga utokao katika taa.
Kandela: ukali wa mwanga kuelekea upande mmoja.
Luksi: mwanga unaofikia eneo.
Ampea-saa: akiba ya betri.
Taa ya kuvulia: taa ya kukusanyia samaki.
Taa ya ishara: taa ya kukitambulisha chombo na mwelekeo wake.
Kofia ya taa: kinga ya kuzuia mwanga usiingie machoni.

Neno "nguvu" lisitumike peke yake mahali pa kipimo chochote kati ya hivi. Karatasi ile tuliirudisha na sentensi hii: "Taa hutoa lumeni 800 kwa wati 10, hustahimili maji ya kurushwa lakini isizamishwe, taa ya ishara nyekundu ifungwe kushoto, ukielekea omo." Imekuwa ndefu kidogo kuliko ya kwanza.

Tunawaomba wasomaji walioko Kigoma, Mwanza, Unguja, Mafia na kwingineko watuletee maneno ambayo wavuvi wao huyatumia kwa vitu hivi, hasa kwa kofia ya taa na kwa mfuko wa nyuzi wa karabai. Likipatikana neno linalotumika majini, tutalipa nafasi mbele ya pendekezo letu.