Herufi Pacha: Udhaifu wa Vivinjari na Namna ya Kujikinga

Utangulizi

Kila mwanafunzi wa Kiswahili amekumbana na vitawe. Neno "paa" huweza kumaanisha mnyama wa jamii ya swala, sehemu ya juu ya nyumba au kitendo cha kwenda juu angani. Msomaji hatatiziki kwa kuwa muktadha humwelekeza. Katika mtandao wa intaneti, hata hivyo, yapo maumbo yanayofanana ambayo hayana muktadha wa kuyatenganisha. Anayenaswa nayo huweza kupoteza nywila, barua zake na hata akiba yake ya benki. Makala haya yanafafanua udhaifu huo wa vivinjari, yaani programu zinazotumiwa kufungulia tovuti, na kueleza njia za kujikinga.

Chanzo cha Udhaifu

Hapo awali, majina ya tovuti yaliandikwa kwa herufi za Kirumi a hadi z, tarakimu 0 hadi 9 na kistari pekee. Kiswahili hakikuathirika sana. Ni ritifaa ya ng' tu iliyoachwa nje. Hali ilikuwa ngumu kwa Warusi, Waarabu na Wachina, ambao hati zao ni tofauti kabisa. Mwaka 2003, kanuni za kuruhusu hati nyinginezo zilichapishwa. Kwa mbinu iitwayo Punikodi, jina la hati yoyote hugeuzwa kuwa mfuatano wa herufi za kawaida unaoanza kwa "xn--". Kivinjari nacho huweza kumwonyesha msomaji jina hilo kwa hati yake ya asili.

Nia ilikuwa njema, lakini ilizaa tatizo. Hati ya Kisirili, inayotumiwa kuandika Kirusi, ina herufi zinazofanana kwa umbo na a, e, o, p, c na x za Kirumi. Kwa tarakilishi, hizo ni herufi tofauti: katika mfumo wa Unikodi, a ya Kirumi ina msimbo 0061, ilhali a ya Kisirili ina msimbo 0430. Hata matamshi huachana, kwani umbo la p katika Kirusi hutamkwa r. Kwa hiyo "paa" likiandikwa kwa Kisirili husomeka "raa". Mashine huitambua tofauti hiyo, jicho haliioni. Hapo ndipo mlaghai hujipenyeza. Husajili jina linaloonekana kama la benki, akaiga ukurasa wake, kisha akawatumia watu kiungo kwa baruapepe.

Mifano Halisi

Mwaka 2002, kabla ya kanuni hizo kukamilika, watafiti Evgeniy Gabrilovich na Alex Gontmakher walitahadharisha kuhusu hatari hii. Walisajili jina lililofanana na la Microsoft, ambalo herufi zake c na o zilikuwa za Kisirili. Mwezi Februari 2005, Eric Johanson alionyesha jina lililofanana na la PayPal kwa kubadilisha herufi moja tu ya a. Vivinjari vya Firefox, Opera na Safari vilihadaika. Internet Explorer ilinusurika kwa sababu wakati huo haikuwa na uwezo wa kuonyesha majina ya namna hiyo.

Baada ya hapo, vivinjari vilianza kuyatilia shaka majina yanayochanganya hati. Hata hivyo, mwaka 2017 Xudong Zheng alisajili jina lililofanana na la Apple, ambalo herufi zake zote zilikuwa za Kisirili. Kwa kuwa hapakuwa na mchanganyiko, kinga hiyo haikufua dafu. Chrome ilirekebishwa katika toleo la 58 mwezi Aprili mwaka huo. Mozilla, watengenezaji wa Firefox, walishikilia kwamba jukumu la kuzuia majina hayo ni la wanaoyasajili.

Njia za Kujikinga

Kwanza, kivinjari kisasishwe kila mara, kwani marekebisho hayamfai anayeendelea kutumia toleo kuukuu.

Pili, kiungo kilichotumwa kwa baruapepe au ujumbe kisifuatwe pale nywila inapohitajika. Ni salama zaidi kuandika anwani mwenyewe, au kuihifadhi miongoni mwa alamisho.

Tatu, programu ya kutunza nywila ni msaada mkubwa. Programu hiyo hulinganisha misimbo, si maumbo; ikikataa kujaza nywila katika ukurasa unaoonekana kuwa wa kawaida, mtumiaji asiilazimishe.

Nne, alama ya kufuli isichukuliwe kuwa thibitisho la uaminifu. Huonyesha tu kwamba mawasiliano na jina lile yamefichwa kwa msimbo, na mlaghai pia huweza kuipata. Ndiyo maana Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye anwani mwaka 2023.

Tano, mtumiaji wa Firefox anaweza kuweka mpangilio uitwao network.IDN_show_punycode kuwa "true", ili majina ya kigeni yaonekane kwa "xn--".

Hitimisho

Nchini Kenya, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inaharamisha ulaghai wa aina hii. Hata hivyo, mkono wa sheria hufika baada ya nywila kuibwa. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kwa kuwa jicho haliwezi kuzitenganisha herufi pacha, usalama wa mtumiaji umo katika njia anayoipitia kufika kwenye tovuti, wala si katika sura ya jina analoliona.