Je, Wajua? Viraka vya Vitenge, Kutoka Nakivale Hadi Meza ya Maonyesho

Je, wajua kwamba Siku ya Wakimbizi Duniani ilikuwa ya Afrika kabla dunia haijaichukua? Tarehe 20 Juni ilikuwa Siku ya Wakimbizi wa Afrika. Desemba 2000 Umoja wa Mataifa, kwa kukubaliana na Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU), uliifanya iwe siku ya wote, na 2001 ikaadhimishwa hivyo kwa mara ya kwanza. Kwa fundi wa makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, siku kama hiyo ni siku ya wageni, na mgeni haji mkono mtupu. Wakati wakubwa wanahutubia, pembeni mikeka imeshatandikwa, na juu yake kuna vikapu, mikoba ya vitenge na shanga za karatasi.

Nakivale, wilayani Isingiro, ni miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi barani Afrika. Watutsi wa Rwanda walianza kupokelewa huko mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo wakazi wake wanapita laki moja, wengi wao Wakongomani, pamoja na Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia na Waeritrea, na Kiswahili cha Kivu kinasikika kila penye biashara.

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufungua biashara na kutembea nchini. Ndiyo maana furushi la mikoba linaweza kuondoka Nakivale asubuhi, likapita Isingiro mjini na Masha, na mchana likawa limefunguliwa mjini Mbarara. Ng'ambo ya Mto Kagera, nchini Tanzania, mkimbizi anahitaji kibali ili atoke kambini. Tofauti hiyo inaishia mfukoni. Fundi anayefika sokoni mwenyewe anaijua bei aliyolipa mnunuzi. Anayemtuma mtu huambiwa tu. Na anayefaidika si mkimbizi peke yake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wa 2014 ulikuta kwamba asilimia 21 ya wakimbizi wa Kampala walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na asilimia 40 ya walioajiriwa nao walikuwa Waganda.

Sasa tuje kwenye mfarishi wa viraka, yaani lile tandiko la vipande vya nguo vilivyoungwa, lenye pamba katikati na bitana chini. Malighafi yake iko chini ya meza ya kila fundi cherehani. Kitenge kamili ni yadi sita, kama mita tano na nusu, na gauni likishakatwa hubaki pembe na vijitepe ambavyo wengi huwashia moto. Vitenge hivyo, ambavyo wengi huviona ni vya Kiafrika tangu enzi, asili ya mtindo wake ni batiki ya Java iliyoigwa kwa mashine huko Ulaya. Kiwanda cha Vlisco, mjini Helmond nchini Uholanzi, kimekuwepo tangu 1846.

Kazi yenyewe haitaki haraka. Kitenge kipya kina wanga unaokifanya kisimame kikavu, kwa hiyo hufuliwa kwanza. Kikishonwa kabla ya kufuliwa, kiraka kimoja kitajikunja baadaye na chenzake kitabaki kimenyooka, na chekundu kitamwaga rangi juu ya cheupe. Kisha kila kiraka hukatwa kwa kipimo kimoja na kuachiwa robo inchi ya mshono. Ukikosea kidogo tu kwenye kila kiraka, kosa linajumlishwa safu hadi safu, na ukifika ukingoni tandiko limekuwa pembe tano. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu inatosha kabisa, na kwa fundi asiye na umeme ndiyo yenyewe.

Je, wajua kwamba Nairobi kuna kikundi cha akina mama kilichofanya mfarishi kuwa alama yake? Amani ya Juu kilianzishwa 1996 na wanawake wakimbizi kutoka nchi zenye vita. Kazi yao inayojulikana sana ni Mfarishi wa Umoja: wanawake wa mataifa mbalimbali hushona picha za maisha ya Afrika kwa vipande vya nguo, kila picha kwenye mraba wake, kisha miraba yote inaungwa.

Na ustadi wa kiraka Kongo haukuletwa na mzungu. Wakuba wa Kasai hufuma nguo za nyuzi za mwale. Ufumaji ni kazi ya wanaume, na kutarizi ni kwa wanawake. Nguo hiyo hupondwapondwa ili ilainike, na katika kupondwa hutoboka. Inaelezwa kwamba viraka vya kuziba matundu hayo ndivyo vilivyogeuka kuwa mapambo. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alizitundika nguo za Wakuba ukutani mwa karakana yake.

Tukirudi Uganda, Mbarara yenyewe ni nchi ya ng'ombe wa Ankole, na pembe zao haziendi bure. Ganda la pembe ni la jamii moja na kucha zetu. Likipashwa moto hulainika, likanyooshwa, likakatwa vifungo, vitana na bangili. Maksai mmoja wa uzao huo, Lurch, aliyefugwa Arkansas nchini Marekani, alipimwa 2003: mzunguko wa pembe yake moja ulikuwa sentimita 95.25. Hebu fikiria bangili zake!

Mimi siipendi ile kadi ndogo inayofungwa kwenye mkoba ikisimulia shida za aliyeushona. Inauza, sikatai. Lakini aliyenunua kwa huruma harudi kuchukua wa pili. Anayerudi ni yule aliyevuta zipu mwaka mzima na haijang'oka. Hilo MADE51 wanalijua. Ni mpango wa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, unaounganisha mafundi wakimbizi na masoko ya nje. Ile 51 ni ya Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Bidhaa zake zimefika maonyesho ya Ambiente, Frankfurt, ambako wateja ni wenye maduka: wanaagiza vikapu mia na wanataka cha mia kifanane na cha kwanza.

Karibu na nyumbani kuna maonyesho ya Juakali-Nguvukazi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, yanayohama nchi hadi nchi tangu 1999. Bidhaa iliyotengenezwa ndani ya Jumuiya, yenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvuka mpaka bila ushuru wa forodha kwa cheti chepesi cha asili ya bidhaa.

Lakini mwenye bidhaa ndiye mwenye kazi zaidi ya kuvuka. Mkimbizi husafiria hati maalumu inayotajwa katika kifungu cha 28 cha mkataba ule wa 1951, na hati hiyo haimruhusu kwenda nchi aliyoikimbia. Mwaka 2022 maonyesho hayo yalifanyika Kololo, Kampala. Yaliyofuata, 2023, yalikuwa Bujumbura. Mshonaji Mrundi wa Nakivale angeweza kupanda basi la Kampala na mzigo wake. Kwa safari ya Bujumbura ingebidi mikoba iende bila yeye.