Kutoka Nyalukemba hadi Karisimbi: hesabu kwanza usiku

Anayenunua mkate Muhumba, ndani ya Nyalukemba, mjini Bukavu, amesimama juu kuliko aliyefika kilele cha Ben Nevis, mlima mrefu kuliko yote Uingereza. Kilele kile kina mita 1,345, na Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460 hivi. Si ajabu basi kwamba wengi wa Bukavu wanaopanga kupanda mlima mrefu huamini kuwa nusu ya kazi waliimaliza siku walipozaliwa. Tumekulia kwenye miteremko, husema, mizigo tunaipandisha kutoka ziwani hadi Kadutu kila siku, mlima utatufanya nini? Utatufanya kile kile unachomfanya mgeni aliyetoka pwani ya Ubelgiji, ila kwa kuchelewa kidogo. Kama kuna jambo moja la kutayarisha kabla ya viatu, kabla ya mazoezi na hata kabla ya kumlipa mwongozaji, ni ratiba ya kulala: usiku ngapi, na kila usiku kwenye mwinuko gani.

Tusiidharau faida tuliyo nayo, kwa sababu ipo. Mwaka 1993 watafiti wa Colorado, Marekani, walichapisha matokeo yao kuhusu wageni zaidi ya 3,000 waliofika kwenye miji ya milimani yenye mita 1,900 hadi 2,900. Robo yao waliugua ugonjwa wa mwinuko, yaani kichwa kuuma pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usio wa kawaida, na waliokuwa wakiishi chini ya mita 900 waliumia zaidi kuliko waliotoka juu zaidi. Mkazi wa Bukavu yuko upande wa wenye nafuu. Lakini nafuu hiyo inapungua haraka. Mgandamizo wa hewa kwetu ni kama asilimia 84 ya ule wa baharini. Kwenye kilele cha Karisimbi, mita 4,507, unashuka hadi karibu asilimia 60, na pale Uhuru, kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, unabaki kama nusu. Mwili unaokosa oksijeni huanza kupumua kwa kasi, kisha figo hurekebisha kemia ya damu ili kasi hiyo iweze kuendelea hata usingizini. Kazi hiyo ya figo huchukua siku kadhaa, na damu kuongeza chembe nyekundu huchukua wiki. Watu wenye miili iliyozoea mwinuko tangu vizazi wapo kweli: Tibet, Andes, na nyanda za juu za Ethiopia ambako watu wamelima juu ya mita 3,000 kwa maelfu ya miaka. Bushi yetu si Ethiopia. Vijiji vyetu vya juu havifiki huko, na hakuna babu yetu aliyeturithisha damu ya mita 4,000.

Tazama sasa safari ya Karisimbi jinsi inavyouzwa. Ni ya siku mbili: siku ya kwanza kutoka chini ya mlima, upande wa Rwanda, hadi kambi iliyo kwenye mita 3,700 hivi, alfajiri ya pili kileleni, kisha kushuka moja kwa moja. Anayeondoka Bukavu leo na kuanza kupanda kesho atakuwa amelala usiku mmoja tu njiani, halafu usiku wa pili kwenye 3,700. Ushauri wa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kila usiku usilale juu ya ule uliotangulia kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne uongeze siku ya kupumzika. Kilimanjaro nako, njia ya zamani ya Marangu hulaza watu Mandara kwenye 2,720, Horombo kwenye 3,720 na Kibo kwenye 4,700 na kitu: karibu mita 1,000 kila usiku, mara mbili ya ushauri. Ndiyo maana wanaoijua njia hiyo huongeza usiku wa pili Horombo, na wenye nafasi huchagua Lemosho ya siku nane. Tafiti zilizofanywa kwenye mlima huo zimekuta zaidi ya nusu ya wapandaji wakiwa na dalili za ugonjwa wa mwinuko, na hao ni watu waliokuwa na waongozaji.

Hapo kijana wa mpira atasema: mimi nina pumzi. Bahati mbaya pumzi ya uwanjani si kinga. Nguvu za mwili hazimwepushi mtu na ugonjwa huu. Mara nyingine humponza, kwa kuwa mwenye nguvu hufika kambini mapema kuliko mwili wake ulivyojiandaa. Mazoezi yana kazi yake, nayo ni kubwa: yanayapa magoti uwezo wa kustahimili mteremko wa mita 2,000 siku ya kurudi, yanauzoesha mgongo mkoba, yanakufundisha kula huku umechoka. Bukavu ni uwanja bora wa mazoezi hayo kuliko miji mingi ya tambarare. Ila yasichukuliwe kuwa badala ya siku.

Kuna jambo ambalo vitabu vya wapandaji wa Ulaya hulipita haraka, nasi hatuwezi kulipita. Kwetu, kichwa kikiuma na tumbo likichafuka, neno la kwanza ni malaria. Mlimani mazoea hayo ni hatari, kwani mtu atameza dawa ya malaria na kuendelea kupanda, huku tatizo ni mwinuko. Kipimo cha damu kifanyike kabla ya kuondoka. Baada ya hapo, kichwa kinachouma juu ya mita 2,500 kihesabiwe kuwa ni cha mlima mpaka kithibitike vingine, na mgonjwa asiongeze hata mita moja. Akianza kuyumba kama mlevi, kusema maneno yasiyoungana, au kukosa pumzi akiwa ameketi, ashushwe saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Jambo la pili ni selimundu. Kwa makadirio ya kawaida, Mkongomani mmoja kati ya wanne au watano amebeba chembe ya urithi ya ugonjwa huo. Mwenye ugonjwa wenyewe (SS) hapaswi kupanda huko kabisa. Mwenye AS, yaani mbebaji tu ambaye nyumbani hajawahi kuugua, anaweza kuumia bandama kwa ukosefu wa oksijeni, kwa hiyo ajue hali yake na azungumze na daktari. Daktari huyo huyo ndiye wa kuulizwa kuhusu acetazolamide, dawa inayozisaidia figo kuharakisha kazi niliyoieleza. Haifai kununuliwa kiholela, hasa kwa mwenye mzio wa dawa za salfa.

Pingamizi zito kuliko yote ni la fedha. Kila siku ndani ya hifadhi ina ada, mwongozaji na wapagazi wanalipwa kwa siku, na anayeishi kwa mshahara wa Bukavu hawezi kuambiwa tu aongeze siku tatu kana kwamba ni kuongeza sukari kwenye chai. Nakubali. Lakini si lazima usiku wote wa kuzoea mwinuko ulipiwe bei ya hifadhi. Musanze iko kwenye mita 1,850 na Kinigi karibu 2,200. Siku mbili tatu katika nyumba ya wageni ya kawaida huko, zikifuatwa na kupanda Bisoke wenye mita 3,711 na kurudi kulala chini siku hiyo hiyo, zitausaidia mwili kuliko koti la bei ghali. Kwa Kilimanjaro hesabu inageuka, na wengi hawaioni: Moshi iko chini ya mita 1,000, kwa hiyo mtu wa Nyalukemba anayekaa wiki nzima hapo akingoja safari anashuka, hapandi. Afadhali fedha hizo ziende kwenye mlima Meru, mita 4,566, au kwenye njia ndefu zaidi ya Kilimanjaro. Na zikipatikana za safari fupi tu, basi achague mlima mfupi.

Ngazi yetu ya kwanza ingekuwa mlima Kahuzi. Una mita 3,308, uko nyuma ya mji, na lango la hifadhi yake, Tshivanga, liko kilomita 30 hivi tu kutoka hapa. Mtu angepanda na kurudi kwa siku moja, akaujua mwili wake kwa gharama ndogo. Lakini tangu vita vilipoufikia mji Februari 2025, sioni mtu mwaminifu atakayemshauri mwenzake kuingia msituni humo kwa ajili ya mazoezi. Nyiragongo nao, uliolipuka tena Mei 2021, si wa kupangia sasa.

Kuhusu baridi, historia ya Karisimbi yenyewe inatosha. Februari 1908, msafara wa mwanajiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, aliyekuwa katika safari ya Duke wa Mecklenburg, ulikumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe karibu na kilele. Wapagazi wapatao 20 walikufa. Walikuwa Waafrika, karibu na Ikweta, na hayo hayakuwakinga. Joto hushuka kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, na nguo ya pamba ikilowa haikaushwi na mwili uliochoka. Sweta la sufu na koti lisilopitisha maji vinapatikana katika mitumba ya Kadutu kwa anayetafuta kwa subira.

Kisa hicho kinahusu pia mkataba na mwongozaji. Kabla ya kulipa, aulizwe: mmoja akiugua, nani atashuka naye, na waliobaki watakuwa na nani? Saa ngapi mtageuka hata kama kilele kinaonekana? Anaruhusiwa kukugeuza wewe uliyemlipa? Mwongozaji anayejibu kwamba kwake kila mtu hufika hafai. Kisha aulizwe kuhusu wapagazi: wanalala ndani ya nini, wamevaa nini, wanabeba kilo ngapi. Kilimanjaro kikomo cha mzigo ni kilo 20. Mpagazi naye huumwa kichwa, lakini mara nyingi hunyamaza kwa kuogopa kupoteza ujira wa siku, kwa hiyo ni vizuri ikubaliwe mapema, mbele yake, kwamba akishuka mgonjwa atalipwa safari nzima.