Kitabu cha Kusomea Mezani

Jua likishatua na tarehe 15 ya mwezi wa Nisani kuingia (siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama siku ya Mswahili), familia za Kiyahudi huketi kwenye karamu ya Pasaka iitwayo Seda. Mbele ya kila mtu, pamoja na sahani na bilauri, kuna kitabu. Hata mtoto anayefuata picha tu hupewa chake. Kitabu hicho ni Hagada. Hakimhitaji rabi wala sinagogi. Mwenye nyumba huanza, wengine wakapokea kwa zamu kuizunguka meza, huku wanakunywa, wanachovya mboga katika maji ya chumvi, wanaimba na kukatizana maneno. Hagada ya nyumba yenye watoto utaijua kwa madoa ya divai na makombo yaliyonasa katikati ya kurasa.

Kisa chenyewe wasomaji wetu wanakijua, Wakristo kwa kitabu cha Kutoka na Waislamu kwa habari za Nabii Musa na Firauni: utumwa wa Misri, mapigo kumi, na kuondoka usiku kwa haraka hata unga usipate nafasi ya kuumuka. Torati inamwamuru mzazi amsimulie mwanawe habari hiyo. Agizo hilo ni jepesi kulisikia, lakini kulitimiza ni kazi. Hadithi ni ndefu, usiku umeingia, mtoto ana njaa na usingizi. Marabi waliopanga usiku huu walilijua tatizo hilo vizuri, na dawa waliyoipata ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Walipanga mtoto aulize kwanza, ndipo mkubwa aseme.

Misna, mkusanyiko wa sheria za marabi uliokamilika yapata mwaka 200, tayari inaeleza kwamba kikombe cha pili cha divai kikishamiminwa, mwana humuuliza babaye. Na kama mwana bado hajafikia kiasi cha kuuliza, baba humfundisha namna ya kuuliza. Talmudi inasimulia kuwa Rabi Akiva aliwagawia watoto nafaka za kukaanga na njugu usiku huo, makusudi wasisinzie na wapate la kuuliza. Mpaka leo mdogo kuliko wote mezani ndiye anayesimama, mara nyingi akitetemeka kidogo, na kuuliza kwa nini usiku huu si kama mwingine: kwa nini mkate hauna chachu, kwa nini mboga ni chungu, kwa nini tunachovya mara mbili, kwa nini tunaegemea viti. Mambo hayo yote yamewekwa pale yamshangaze. Kinachofuata katika Hagada, kurasa kwa kurasa, ni jibu lake.

Na mshangao wa mtoto haungoji Seda. Chachu haitakiwi ndani ya nyumba kwa siku zote za Pasaka, siku 7 katika Israeli na 8 kwa wengi walio nje, kwa hiyo kabati hutolewa vitu vyote, majiko husuguliwa, vyombo vya mwaka mzima hufungiwa. Usiku wa kuamkia mkesha, taa huzimwa na familia hupita chumba kwa chumba na mshumaa, unyoya na kijiko cha mti, kutafuta makombo ya mwisho. Katika nyumba nyingi wazazi huficha vipande 10 vya mkate, ili watoto wapate cha kugundua. Asubuhi vyote huchomwa moto. Matza, ule mkate mwembamba usiotiwa chachu, nao una sheria yake kali: tangu maji yaguse unga hadi mkate uive zisipite dakika 18.

Katikati ya meza hukaa sahani ya Seda: mfupa wa mguu wa kondoo, yai, mboga ya majani, mboga chungu, na haroseti, mseto mtamu unaokumbusha udongo wa matofali waliyofyatua watumwa. Wayahudi wenye asili ya Ulaya Mashariki huutengeneza kwa tufaha, jozi na mdalasini. Wa Iraki hutumia tende. Mapema usiku, kiongozi huvunja matza ya katikati vipande viwili na kukitenga kimoja, afikomani, ambacho hufichwa. Seda haiwezi kumalizika mpaka kiliwe, basi watoto wakikipata huwa wameishika karamu nzima mkononi, na wanadai zawadi ndipo wakirudishe. Naiona busara kubwa hapo, kwani aliye mdogo kuliko wote ndiye mwenye kitu ambacho wakubwa hawawezi kuendelea bila yake.

Sehemu ya Hagada ninayoipenda kupita zote ni ile ya wana wanne. Mmoja ana hekima, mmoja mwovu, mmoja mnyofu, na mmoja hajui hata kuuliza. Kila mmoja ana jibu lake, maana kitabu hakikubali kwamba hotuba moja inawatosha watoto wote. Yule mwovu anajitenga na kusema ibada hii ni yenu, si yangu. Anajibiwa kwa ukali, lakini zingatieni kwamba naye ameketi mezani na amewekewa sahani. Wachoraji wamemtumia kuonyesha hofu ya zama zao. Katika Hagada iliyochapwa Prague mwaka 1526 ni askari mwenye silaha. Arthur Szyk, msanii Myahudi wa Poland aliyechora yake miaka ya 1930 wakati Hitler akipanda, alimvika mwovu mavazi ya Kijerumani na kumwekea masharubu madogo. Hagada hiyo ilitoka London mwaka 1940.

Huyo wa nne, asiyejua kuuliza, huwa ananigusa zaidi. Mzazi anaambiwa amwanzie yeye. Hakuna lawama, wala hakuna amri ya kumtaka akae kimya asikilize.

Mgeni husoma Hagada akimtafuta Musa asimwone. Katika maandishi ya mapokeo jina lake limetajwa mara moja tu, tena kwa kupita, kwa sababu sifa ya ukombozi inaelekezwa kwa Mungu peke yake. Na furaha ya usiku ina mpaka: mapigo kumi yanapotajwa, kila mtu huchovya kidole na kutoa tone moja la divai kwa kila pigo. Marabi wa baadaye walieleza kwamba kikombe hakiwezi kujaa pale wanadamu wengine walipokufa, hata kama walikuwa adui.

Mwishoni, watu wameshiba na vikombe vinne vya divai vimekwisha au vinakaribia kwisha, huja nyimbo. Msomaji aliyekulia na kisa cha mwalimu Goso, aliyeangukiwa na buyu na wanafunzi wake wakamtafuta mwenye kosa kutoka kusi hadi ukuta, panya, paka, moto, maji na ng'ombe, atajiona nyumbani akisikia wimbo wa mwanambuzi, ambamo paka anamla mbuzi, mbwa anamwuma paka, na mnyororo unaendelea kupitia fimbo, moto, maji na ng'ombe mpaka kwa Malaika wa Mauti. Watoto hushindana kuuimba kwa pumzi moja.

Kitabu kinachotumika hivyo lazima kichakae, na lazima kichapwe upya. Maarufu kuliko vyote ni Hagada ya Sarajevo, iliyoandikwa na kuchorwa kwa mkono katika Hispania karne ya 14. Imesafiri na Wayahudi waliofukuzwa huko, na mwaka 1894 ikanunuliwa na jumba la makumbusho la Sarajevo. Mwaka 1942, Wanazi walipoitaka, aliyeificha alikuwa mkutubi Mwislamu, Derviš Korkut. Inasimuliwa sana kwamba ilikaa kwa imamu wa kijiji kimoja mlimani. Korkut na mkewe Servet walimhifadhi pia msichana wa Kiyahudi nyumbani kwao. Vita vya Bosnia vilipozuka mwaka 1992, Mwislamu mwingine, Enver Imamović, aliingia katika jumba hilo la makumbusho chini ya makombora akaitoa. Kurasa zake zina dhahabu na rangi za thamani, na zina madoa ya divai.

Upande mwingine kabisa kuna Hagada ya bure. Huko Marekani, kampuni ya kahawa ya Maxwell House ilitaka kuwahakikishia Wayahudi kwamba buni si jamii ya kunde, ambazo Wayahudi wengi wa asili ya Ulaya huziepuka wakati wa Pasaka. Tangu mwaka 1932 imekuwa ikigawa Hagada madukani, na nakala zimepita milioni 50. Barack Obama alipofanya Seda Ikulu kila mwaka kuanzia 2009, hiyo ndiyo iliyosomwa. Wapo wanaoona aibu kwamba tangazo la biashara limeingia katika ibada. Mimi naona kitabu kilichofika kwa babu maskini wa Brooklyn na kikarithiwa na wajukuu kimefanya kazi yake.

Kuna nyingine ambazo siwezi kuzitaja haraka. Mwezi wa Aprili 1946, mjini Munich, manusura wa kambi za Wanazi walifanya Seda iliyoongozwa na rabi wa jeshi la Marekani, Abraham Klausner. Hagada yao iliandikwa na Yosef Dov Sheinson na kupambwa kwa picha za Miklós Adler, wote manusura, na ndani yake utumwa wa Misri na kambi vimewekwa bega kwa bega. Tarehe 4 Aprili 1969, mwaka mmoja tangu Martin Luther King auawe, mwanaharakati Myahudi Arthur Waskow alipeleka Hagada yake mpya katika kanisa la Weusi mjini Washington, ambako watu wapatao 800, Wayahudi na Wakristo, waliisoma pamoja.

Kwa mzazi anayetafuta cha kusoma na watoto siku za kabla ya Seda, ningependekeza hadithi kuliko mafafanuzi. *The Carp in the Bathtub* ya Barbara Cohen, ya mwaka 1972, ni ya watoto wawili wanaompenda samaki aliyewekwa hai bafuni akingoja kupikwa kwa Pasaka. Mtoto yeyote aliyemzoea mbuzi wa sikukuu ataelewa uchungu wao. *The Passover Guest* ya Susan Kusel inatupeleka Washington ya mwaka 1933, nyumba haina chakula, na mgeni anabisha hodi. Mezani penyewe, *A Different Night* ya Noam Zion na David Dishon inafaa kwa kuwa inampa kiongozi nafasi ya kuchagua, kuruka, na kusimama mtoto akinyoosha mkono. Hagada zilizojaa maelezo chini ya kila mstari ni hazina kwa msomi, lakini humlaza mtoto kabla ya pigo la kwanza.

Karibu na sisi, huko Mbale mashariki mwa Uganda, wako Abayudaya, jamii iliyoanza mwaka 1919 pale Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alipojitangaza Myahudi yeye na watu wake. Idi Amin aliipiga marufuku dini yao. Masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia dini nyingine, na waliobaki wakasali kwa kificho. Majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni yaliutwaa mji wa Kampala na kumng'oa Amin tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo ilikuwa usiku wa Seda. Hagada inamtaka kila mtu, katika kila kizazi, ajihesabu kana kwamba yeye mwenyewe ametoka Misri, na wazee wa Abayudaya wanapofika hapo wanaweza kumtajia mjukuu mwaka, tarehe na jina la Farao wao.