Mtungi Uliotoka Murang'a

Wajukuu wangu wa Kayole, wekeni mitungi chini. Foleni haisogei, na mfereji wa ploti bado unakohoa hewa. Sogeeni niwasimulie.

Jana huyu mdogo aliniuliza, "Shosho, maji hutoka wapi?" Kaka yake akamjibu: kwa mkokoteni. Nilicheka hadi kikohozi kikanishika.

Mengi ya maji ya Nairobi hutoka Ndakaini, kule Gatanga, Murang'a, chini ya milima ya Aberdare. Mto Thika ulikuwa ukijipitia bondeni. Watu wakauwekea ukuta, kazi ikaisha 1994, bonde likawa bwawa. Likijaa hubeba lita bilioni 70. Haya, wenye hesabu: mtungi ni lita 20, kwa hiyo ni mitungi bilioni 3.5. Foleni yake sitaki hata kuiona.

Lakini kinachonishangaza mimi ni ukuta wenyewe. Si wa saruji. Ni udongo, ulioshindiliwa tabaka juu ya tabaka hadi meta 65, karibu ghorofa 20! Chini ni mpana kabisa, juu ni mwembamba, kwa sababu kadiri maji yanavyokwenda kina ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu. Miti haipandwi juu ya ukuta wa namna hiyo. Mizizi ikioza huacha vitundu, na maji hayadharau kitundu. Pembeni huachwa njia ya maji ya ziada, maana yakimwagika juu ya udongo wenyewe, yataula. Bwawa la Sasumua, la tangu 1956, njia yake iliharibiwa na mafuriko mwaka 2003, na jiji likaonja kiu.

Kutoka Ndakaini maji hupita mahandakini, husafishwa Ng'ethu, kisha huteremka kwa mabomba hadi matangi ya Gigiri. Mteremko tu ndio unaoyaleta.

"Na bwawa likijaa, mbona mfereji wetu unakauka?"

Swali zuri, na jibu lake halinifurahishi. Hesabu ya watu ya 1989 ilikuta Nairobi ina watu milioni 1.3. Ile ya 2019 ilikuta milioni 4.4. Halafu njiani mabomba yanavuja, na wajanja wanajiunganishia gizani. Kinachobaki ndicho tunachogawiwa kwa zamu, na leo ni zamu yetu.

Sikieni, mfereji umeanza kulia. Kimbieni! Na huo mtungi wenye ufa, nani aliuleta?