Feri za Ubongo: Kwa Nini Desemba Hutuchosha

 

Mwishoni mwa Desemba hapa Saint Louis Park jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mombasa na Dar es Salaam mchana huwa na saa kama 12 mwaka mzima. Haishangazi basi kwamba asubuhi za majira haya mtoto hagutuki kitandani, na mzazi husema, "Uvivu huo!" Kabla ya kulaumu, tuangalie kinachotokea kichwani.

Ujumbe husafirije?

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Seli ya neva huwa na mkia kama waya, na ujumbe hupita humo kwa umeme. Lakini seli nyingi hazigusani. Kati yake kuna mwanya mdogo mno uitwao sinapsi. Umeme ukifika hapo ni kama gari lililofika Likoni: barabara imekwisha, mbele ni maji, lazima feri.

Feri hizo ni kemikali za ubongo. Seli ya kwanza huziachia, nazo huvuka na kutia nanga kwenye gati la seli ya pili. Kila kemikali ina magati yake. Nyingine huamsha seli, nyingine huituliza. Kisha huvunjwa au hurudishwa zilikotoka, njia ibaki wazi kwa ujumbe mwingine.

Mwaka 1921, huko Austria, Otto Loewi alisisimua neva ya moyo wa chura, mapigo yakapungua. Akayahamisha maji yaliyouzunguka moyo huo hadi kwenye moyo wa pili usio na neva, nao ukapunguza mapigo. Kumbe ujumbe ulikuwa ndani ya maji! Mwaka 1936 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Henry Dale.

Giza linafanya nini?

Giza likiingia, tezi ndogo ubongoni hutoa melatonini, inayouambia mwili kuwa ni usiku. Mwanga ukiingia machoni huizuia. Ukiamka gizani, mwili bado unadhani ni usiku. Serotonini nayo husaidia kuratibu hisia, usingizi na hamu ya kula.

Kwa watu wengine uchovu huu huwa ugonjwa, na madaktari waliueleza mwaka 1984: kulala sana, kutamani wanga, kujitenga, kukosa raha hata kwa mambo uliyoyapenda. Si uvivu, wala si pepo. Una matibabu, ikiwemo taa maalumu ya mwanga mkali.

Tufanye nini?

- Tokeni nje mchana, hata kukiwa na mawingu.
- Nyweni chai ya asubuhi karibu na dirisha.
- Laleni saa ileile kila siku, simu ikae mbali.
- Huzuni ikizidi wiki mbili, mwambieni daktari. Mtoto, mwambie mzazi hata kabla ya hapo. Mzazi, msikilize kwanza.

Mchezo wa nyumbani

Simameni mstari mmoja, mkishikana mikono. Wa kwanza abane mkono wa jirani, naye abane wa anayefuata, hadi mwisho. Hesabuni sekunde. Kisha achianeni, na kila mmoja ampe mwenzake njugu moja kiganjani badala ya kumbana. Ujumbe sasa unavuka mwanya, na njugu ndiyo feri.