Makerere ilianza na randa, si digrii

NILIACHA chuo karo iliponilemea. Tangu hapo, mtu akiniuliza nilisomea wapi, nabadilisha stori. Kwa hivyo nilipopanda kilima cha Makerere, Kampala, nilijihisi mgeni.

Hapa walisomea Nyerere, Kibaki na Ngũgĩ wa Thiong'o. Vijana wa bweni la Lumumba na mabinti wa Mary Stuart walijulikana kwa undugu wao, waliouita Lumbox, na kelele zao hazikuwa za mchezo.

Lakini kumbe mwaka wa 1922 walianza wavulana 14 tu, wakifunzwa useremala, ujenzi na umekanika! Digrii zilikuja baadaye sana.

Wewe uliye chuo cha ufundi na unaona haya, tulia. Na mimi ukiniuliza leo, sibadilishi stori.